Filamu za Adabu za Darasani: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Nazungumzia zile filamu fupi, nyingi za dakika kumi au kumi na mbili, ambazo shule za Marekani ziliwaonyesha wanafunzi tangu Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mpaka miaka ya 1960. Zilifundisha namna ya kumwomba msichana mtoke pamoja, namna ya kukaa mezani na wazazi, namna ya kupendwa na wenzako, na kwa nini usiibie mtihani. Leo ziko kwenye intaneti na yeyote mwenye simu anazipata. Walimu wa malezi wanazichukua. Viongozi wa vikundi vya vijana wanazichukua. Watengeneza video wanazikatakata vipande. Wengi wanazitumia ovyo, na wanaoumia ni vijana waliokaa mbele ya skrini.

Nimefundisha kwa filamu hizi muda mrefu, na makosa ninayoyaona ni yale yale. Mzizi wake ni mmoja: mtu anadhani filamu inamweleza kijana wa 1950. Haimwelezi. Inawaeleza watu wazima wa 1950, walichokitaka na walichokiogopa. Shika hilo, kisha fuata haya.

KABLA YA KUONYESHA

Fanya

Itazame yote, peke yako, mpaka mwisho. Jina la filamu halikuambii kilichomo. Mwalimu mmoja alipakua "Boys Beware" ya 1961 akidhani ni somo la usalama wa watoto wa kiume. Ilitengenezwa na Sid Davis kwa kushirikiana na polisi na shule za Inglewood, California, na humo ndani kila mwanamume anayependa wanaume anaitwa mgonjwa na anawekwa kapu moja na wawindaji wa watoto. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliacha kuyaita mapenzi ya jinsia moja ugonjwa mwaka 1973. Mwalimu aliyagundua hayo pamoja na darasa lake, filamu ikiendelea, akakimbilia kuchomoa waya. Kilichobaki siku ile ni kelele na matusi kwa mvulana mmoja mpole wa dawati la nyuma. Dakika kumi za kujiandaa zingemkinga.

Soma maandishi ya mwanzoni. Hapo ndipo utakapojua nani anazungumza. Coronet, kampuni iliyojaza soko kwa filamu hizi, ilikuwa ya David Smart, mchapishaji wa jarida la wanaume la Esquire, na studio yake ilikuwa Glenview, Illinois, nje kidogo ya Chicago. Filamu zake nyingi zinataja msomi mshauri. "Dating: Do's and Don'ts" ya 1949 inamtaja Reuben Hill, mwanasosholojia wa mambo ya familia. Jina la msomi linampa mkuu wa shule moyo wa kununua bila maswali. "Last Date" ya 1950, inayohusu vijana na mwendo wa kasi, ililipiwa na kampuni ya bima, Lumbermens Mutual. Bima hulipa ajali zikitokea, kwa hiyo inataka zisitokee. Hakuna ubaya hapo, lakini darasa lina haki ya kujua fedha zilitoka wapi.

Taja mwaka, na taja yaliyokuwa yakitokea. Wakati wa vita baba wengi walikuwa jeshini na mama wengi viwandani. Vita ilipokwisha, watu wazima waliwatazama watoto wao wakaona wameharibika. Wakati huohuo jeshi lilikuwa limewafundisha mamilioni ya askari kwa filamu, na shule zikaamini kwamba filamu inaweza kumfunza mtu chochote, hata tabia. Hofu ile na imani ile ndizo zilizozaa filamu ya adabu. Mwanafunzi asipoambiwa hivyo anaona watu wa ajabu wenye tai wakiongea kama roboti, basi.

Usifanye

Usipitishe mkanda mkongwe kwenye projekta. Kuna shule na vituo ambavyo bado vina makopo ya mikanda ya milimita 16 kabatini. Mingi ni ya asetati. Asetati ikianza kuoza hutoa harufu ya siki, hujikunja na kusinyaa. Matundu ya pembeni hayalingani tena na meno ya projekta, na mkanda unachanika palepale. Joto na unyevu huharakisha uozo, kwa hiyo kabati la Tanga au Mombasa ni mahali pabaya kuliko pote. Ukifungua kopo ukasikia siki, lifunge, litenge na mengine, utafute mtu anayejua kutunza nyaraka za filamu. "Nijaribu mara moja tu" ndiyo mara inayoua nakala.

Usidhani kilichoko mtandaoni hakina mwenyewe. Rick Prelinger alianza kukusanya filamu za aina hii New York mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 2002 Maktaba ya Bunge la Marekani ikauchukua mkusanyiko huo, filamu zipatazo 60,000. Maelfu yake yanatazamwa bure mtandaoni. Sheria ya Marekani ilidai kazi za kabla ya 1964 zihuishiwe hakimiliki zinapofikisha miaka 28, na watengenezaji wengi hawakujishughulisha. Wengi, si wote. Kagua filamu moja moja kabla ya kuitia kwenye video inayokuingizia fedha.

WAKATI WA KUONYESHA

Fanya

Simamisha filamu njiani. Chukua "Dating: Do's and Don'ts". Kijana Woody anapata kwa posta tiketi ya kanivali ya vijana, imeandikwa kwamba inaingiza watu wawili, mvulana na msichana. Anaanza kuwapitia wasichana kichwani. Yupo mrembo, lakini humfanya mvulana ajione mnyonge. Yupo Anne, mchangamfu, anayejua kufurahia jambo. Anachaguliwa Anne, kisha filamu inaonyesha njia mbaya na njia nzuri za kumpigia simu, na baadaye njia mbaya na nzuri za kumuaga mlangoni. Simamisha kwenye tiketi. Uliza: mbona tiketi haikwenda kwa Anne? Mbona yeye kazi yake ni kusubiri simu ilie? Wanafunzi hawakawii kujibu. Ukiiacha filamu iende mpaka mwisho kwanza, swali hilo linapotea, kwa sababu Woody amekwisha kufurahi na kila mtu ameridhika.

Zima sauti, kisha irudishe. Filamu hizi zina mazungumzo machache. Msimulizi asiyeonekana ndiye anayetawala: anashauri, anakemea, anasifu, na waigizaji wanamtii. "A Date with Your Family" ya 1950 inasimuliwa na Hugh Beaumont, ambaye baadaye alijulikana kama baba katika kipindi cha televisheni cha "Leave It to Beaver". Bila sauti unaona familia inakula chakula cha jioni. Binti amebadilisha gauni na kuandaa meza. Kaka anamvutia mama kiti. Kila mtu anatabasamu, na tabasamu zinakaa usoni kidogo kupita kiasi. Rudisha sauti umsikie msimulizi: wanawake wa nyumba wanawiwa na wanaume kuonekana wamepumzika na kupendeza wakati wa chakula, na maongezi ya mezani yawe mazuri, yasiyogusa hisia kali. Aliyeshinda jikoni ndiye anayetakiwa kuonekana hakuchoka. Kijana akiliona hilo kwa macho yake, wewe nyamaza. Hotuba yako haiongezi kitu.

Orodhesha wasiokuwepo. Kila mwanafunzi achukue karatasi aandike nani hayumo kwenye filamu. Atagundua kwamba karibu wote ni weupe, wana nyumba nzuri, baba ana kazi ya ofisini na mama yuko nyumbani. Kampuni ya Centron, mojawapo ya watengenezaji hodari, ilikuwa Lawrence, Kansas. Mji wa jirani, Topeka, ndiko ilikoanzia kesi ya Brown iliyoifanya Mahakama ya Juu ya Marekani kutamka mwaka 1954 kwamba kuwatenga wanafunzi kwa rangi katika shule za umma ni kinyume cha katiba. Filamu zilikuwa zikifundisha namna ya kumkaribisha mgeni darasani, na watoto waliokatazwa kuingia darasa hilo hawakutajwa. Usiliruke hili eti kwa sababu si mada ya leo. Ndiyo mada.

Usifanye

Usimfanye mwanafunzi mfano. "Are You Popular?" ya 1947 ina wasichana wawili. Caroline ni nadhifu, mkarimu, na mama yake anajua anakokwenda. Ginny hukaa na wavulana kwenye magari yaliyoegeshwa, na kwa hiyo hakuna anayetaka kula naye mezani. Angalia vizuri: wavulana waliokuwa kwenye magari hayo hawaadhibiwi na yeyote. Katika shule moja niliyoalikwa, mwalimu wa malezi aliizima filamu akauliza, kwa utani, Ginny wa darasa hili ni nani. Vichwa viligeuka upande mmoja. Binti yule hakuinua uso mpaka kengele ilipolia, na jina la Ginny lilimfuata muhula mzima. Utani wa namna hiyo ni ukatili, na mtu mzima aliyeufanya hana kisingizio. Ukitaka mfano, mtumie Ginny wa kwenye filamu. Muulize kila mtu: wavulana wale wako wapi, na mbona msimulizi hawasemi?

Usianze kwa kucheka. Najua zinachekesha. Kipindi cha Marekani cha "Mystery Science Theater 3000" kilizifanyia mzaha kwa ufundi mkubwa. Lakini darasa likianza kwa kicheko, linamaliza likijiona lina akili kuliko watu wa kale, na hilo ni somo baya. Kijana anacheka nywele zilizopakwa mafuta, na asubuhi hiyohiyo ametazama kwenye simu video inayomtajia dalili tano za msichana asiyefaa kuolewa. Ni filamu ileile bila tai. Tazameni kwanza kwa utulivu. Kicheko kije mara ya pili, baada ya kazi kufanyika.

Usitishe kwa picha za ajali. "Signal 30" ya 1959, iliyopigwa Ohio, inaonyesha maiti halisi za barabarani. Usiwaonyeshe watoto maiti ili waheshimu alama za barabarani. Huenda darasani yumo mtoto aliyemzika kaka yake wiki jana, nawe hujui.

BAADA YA KUONYESHA

Fanya

Uliza swali ambalo hukulitayarishia jibu. Hapa filamu zenyewe zinaweza kukusaidia. Centron ilitengenezea kampuni ya Young America mfululizo ambao kila filamu inaishia pasipo jibu na kuwaachia watazamaji waseme wanaonaje. Katika "Cheating" ya 1952, kijana John amezoea kunakili hesabu kwa Mary. Amekamatwa, na wenzake wa baraza la wanafunzi wanaamua kama abaki au aondolewe. Filamu inaishia hapo. Nimeona walimu wakiharibu nafasi hiyo kwa sekunde moja: "Basi mmeona, wizi wa mtihani ni mbaya." Waliona kabla hujasema. Wasichokijua ni kama Mary naye ana kosa, na kama mwalimu aliyeona dalili mapema akanyamaza ana kosa. Kaa kimya wabishane. Kimya chako ndicho kazi yako.

Leta na za kwetu. Usiwaachie wanafunzi waamini kwamba hili ni ajabu la Marekani. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, watu wawili, Notcutt na Latham, waliongoza mradi wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika: kulipa kodi, kuweka akiba posta, kujikinga na safura. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza ikaunda kitengo chake cha filamu kwa ajili ya makoloni, na mwaka uliofuata kikatoa "Mr. English at Home", siku nzima ya familia ya Kiingereza iliyowekwa mbele ya watu wa makoloni kama kielelezo. Mwaka 1952 Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962, aliigiza mhusika mkuu katika "Muhogo Mchungu", habari za mtu wa shamba anayeingia mjini. Ziweke kando ya zile za Coronet uulize swali moja: nani alimtazama nani, akaamua kwamba hana adabu? Katika filamu moja anayefundishwa ni kijana, katika nyingine ni mtu mzima wa Kiafrika anayefundishwa kama kijana. Darasa likifika hapo, umefundisha.

Usifanye

Usiseme "enzi zile vijana walikuwa na adabu". Fikiri. Kama wangekuwa nayo, nani angelipa fedha kuwatengenezea filamu juu ya wizi wa mtihani, ulevi, umbeya na uharibifu wa mali? Mwaka 1954 kamati ya Seneti ya Marekani ilifanya vikao New York kuchunguza kama vitabu vya vibonzo vinawafanya watoto wahalifu. Watu wazima wa siku zile walisema juu ya watoto wao yaleyale unayoyasema wewe juu ya hawa. Ukiifanya filamu kuwa picha ya kweli ya zamani, unawapiga vijana wako kwa fimbo ya watu ambao hawakuwahi kuwapo.

Usifundishe ulinzi wa mtoto kwa "The Dangerous Stranger". Sid Davis, niliyekwisha kumtaja, alikuwa akisimama mahali pa mwigizaji John Wayne wakati mafundi wakipanga taa. Wayne alimkopesha dola 1,000, naye akatengeneza filamu hiyo ya 1950 kuwaonya watoto juu ya mtu wasiyemjua anayewaita kwenye gari. Onyo hilo lina ukweli, lakini ni dogo mno. Mara nyingi anayemdhuru mtoto ni mtu anayemjua: mjomba, jirani, mwalimu, rafiki wa familia. Mtoto aliyefundishwa kumkwepa mgeni peke yake hana la kufanya mbele ya mtu anayepokewa kwa shikamoo na kuandaliwa chai. Mfundishe haya: mwili ni wako, heshima kwa mkubwa haimpi mkubwa ruhusa ya kukushika, siri inayokutisha si ya kutunza, mwambie mtu mzima, na akikupuuza mwambie mwingine. Filamu ya 1950 haina hata moja kati ya hayo. Iache kwenye somo la historia.

KAMA UNATENGENEZA YA KWAKO

Fanya

Andika pamoja na vijana, na wape ruhusa ya kufuta. Kuwaalika wasome mistari uliyokwisha kuiandika ni kuwatumia. Wakisema "hakuna anayeongea hivi", futa. Wale wa Coronet waliongea vile kwa sababu mistari yao iliandikwa na watu wenye watoto wa umri wao.

Mkosoe mtu mzima angalau mara moja. Katika filamu zile baba anajua, mwalimu anajua, msimulizi anajua zaidi. Vijana si wajinga, wanajua wazazi hukosea. Filamu isiyokiri hilo hawaiamini, hata inaposema kweli.

Usifanye

Usimkabidhi mfadhili kalamu. Mwaka 1946 studio ya Walt Disney ilitengeneza "The Story of Menstruation" kwa fedha za kampuni iliyouza taulo za kike za Kotex. Ilieleza mambo ya mwili kwa ujasiri kuliko wazazi wengi wa siku zile, hilo siliondoi. Lakini damu ilichorwa nyeupe. Binti alitoka darasani akijua jina la bidhaa, ila rangi ya kile kitakachomtokea hakuiona. Leo kampuni zinaingia shuleni kwa zawadi na video zilezile. Pokea taulo, wasichana wanazihitaji. Video itazame kwanza.

Usimalize kila kitu kwa tabasamu. Katika "Shy Guy" ya 1947, Phil, aliyeigizwa na Dick York, ni mgeni mjini. Anajifungia chini ya nyumba na vifaa vyake vya redio. Baba anamshauri awachunguze wenzake wanaopendwa, naye kabla ya robo saa kwisha ana marafiki. Mtoto mpweke anayetazama hayo anajaribu wiki nzima, hafaulu, kisha anahitimisha kwamba yeye ndiye mbovu. Onyesha jaribio likishindwa. Onyesha mtu akikaa peke yake bila kuwa na kasoro.

Kuhusu muda, sitaki kusikia kwamba ratiba imebana. Kama huna nafasi ya kuitazama filamu kabla ya wanafunzi, kuisimamisha njiani na kuwasikiliza baada yake, usiionyeshe. Wape mpira watoke nje. Watagombea zamu, watanuniana, watapatana, na watajifunza adabu kuliko kwa filamu iliyoonyeshwa vibaya.